Kuwasha Injini Tatu kwa Mpigo Mmoja

Watu wakisikia kwamba nimewahi kurusha roketi, swali lao huwa ni lile lile: ilikwenda juu kiasi gani? Nikiwajibu kama mita mia na arobaini, wanatikisa kichwa kwa heshima, na mazungumzo yanaishia hapo. Sijampata bado wa kuniuliza iliwashwaje. Kumbe kwa roketi ya injini tatu kazi yote imelala huko. Kupaa inapaa yenyewe.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Ngamiani, Tanga. Siku zangu zinapita kwenye stata, altaneta, waya zilizotafunwa na panya na taa za bajaji. Mambo ya roketi yameniingilia kupitia kwa mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye yumo katika klabu ya sayansi shuleni kwao. Mwalimu wao wa fizikia ana ndugu yake baharia, na huyo ndiye aliyetuma boksi: roketi ya karatasi ngumu ya kuunganisha mwenyewe, aina ya injini tatu. Injini zilisafiri peke yake kwa meli, na makaratasi yake, kwa kuwa ndani ni baruti na hazipandi ndege ya abiria. Vibali vya kuziingiza na vya kurusha vilikuwa mzigo wa Mwalimu. Alizunguka ofisi kwa ofisi, na hadithi hiyo ni yake, akitaka ataisimulia mwenyewe. Mimi nilianza kuhusika siku mpwa wangu aliposimama mlangoni mwa gereji na sare zake.

"Shikamoo Mjomba. Mwalimu anauliza kama unaweza kutuazima betri."

"Marahaba. Betri ya gari gani?"

"Ya roketi."

Nikafunga gereji mapema jioni ile nikaenda kuangalia.

Ndani ya boksi kulikuwa na kisanduku cha kuwashia kinachotumia betri nne ndogo, zile za rimoti. Kwa roketi ya injini moja kinatosha kabisa. Kiwashio chenyewe ni uzi mwembamba wa waya wenye kichwa kilichopakwa dawa kama njiti ya kiberiti. Unakiingiza kwenye tundu la nyuma la injini mpaka kichwa kiguse baruti, unapitisha umeme, uzi unakuwa mwekundu, dawa inawaka, baruti inafuata. Ukinzani wake, yaani kiasi unachouzuia umeme, haufiki omu moja, na kinahitaji kama ampea mbili ili kiwake bila kusitasita. Viwashio vitatu basi vinadai ampea sita kwa pamoja, tena papo hapo. Betri nne za rimoti ukizidai hivyo zinalegea: volti zinashuka, nyuzi zinapata joto, na chenye bahati kinawaka peke yake.

Hapo ndipo niliposhika penseli, maana watoto walikuwa wanazungumzia roketi tu na mimi niliona hesabu ya uwezekano. Tuseme kiwashio ni kizuri, kinafanya kazi mara tisa katika kumi. Kwa injini moja, huna malalamiko. Kwa injini tatu unazidisha 0.9 mara tatu unapata 0.729. Maana yake karibu kila roketi nne unazosimamisha, moja itaondoka na injini pungufu. Mpwa wangu alidhani injini tatu ni nguvu mara tatu. Ni kweli, lakini pia ni milango mitatu ya kuingilia hitilafu.

Kila injini imeandikwa C6-5 ubavuni, na Mwalimu aliwafundisha watoto kuisoma kabla hawajaruhusiwa kuishika. Herufi inataja jumla ya msukumo: A ni hadi newtoni-sekunde 2.5, B hadi 5, C hadi 10, kila herufi ikiongeza maradufu. Namba ya kwanza ni wastani wa nguvu kwa newtoni. Ya mwisho ni sekunde za kungoja baada ya baruti kuisha, kabla ya mlipuko mdogo wa mbele unaosukuma pua itoke na mwavuli wa kuishusha roketi ufunguke. Kimrija chenyewe ni kipana milimita 18 na kirefu 70, kidogo kuliko kidole cha kati cha mtu mzima. Baruti inaungua chini ya sekunde mbili.

Aliwaeleza pia kwa nini injini zinanunuliwa tayari, wala mtu hakorogi baruti jikoni kwao. Miaka ya 1950 vijana wengi Marekani walikuwa wakijitengenezea, na walikuwa wakiumia. Mwaka 1954 muuza viatu mmoja wa Nebraska, Orville Carlisle, aliyekuwa mpenzi wa fataki, alitengeneza roketi ndogo ya karatasi yenye injini ya kutupwa ikishatumika. Miaka minne baadaye Mmarekani mwenzake, Vern Estes, akaunda mashine ya kuzishindilia injini hizo kwa wingi. Sharti la klabu likawa hilo: injini haifunguliwi, haichongwi, haiongezwi kitu. Mtoto mmoja aliuliza kama anaweza kuchungulia tu ndani kwa bisibisi. Alihamishiwa idara ya kupaka rangi.

Kuunganisha kulifanyika barazani kwa dada yangu, jioni kwa jioni. Sitaeleza kila hatua, karatasi ya maelekezo inajitosheleza. Ila iliandikwa na watu wa nchi kavu. Inasema gundi ya mbao ingoje saa kadhaa. Hapa kwetu na unyevu wa bahari, acha ilale usiku kucha, na asubuhi ibonyeze kwa ukucha kabla hujaiamini. Mrija wa karatasi nao unavimba. Injini iliyoingia bila taabu jana, leo inakwama njiani, na dawa yake ni kusugua ndani kwa msasa laini uliozungushiwa penseli. Mwavuli wa plastiki ukikaa umekunjwa kwenye joto unagandana, kwa hiyo unapakwa poda ya mtoto kabla ya kukunjwa. Dada alitoa kopo lake akasema hajui kama kuna mtoto mwingine ndani ya nyumba anayemalizia poda namna ile.

Injini ndizo za kuangalia zaidi. Baruti iliyoshindiliwa haipendi kupata joto na kupoa, joto na kupoa. Inasinyaa na kutanuka mpaka inaachana na ukuta wa mrija au inapata ufa, na siku ya kuiwasha moto unapita kwenye ufa wote kwa mara moja, injini inapasuka badala ya kusukuma. Chini ya bati la Tanga saa nane mchana, hilo si jambo la kufikirika. Zilihifadhiwa kwenye ndoo yenye kifuniko, ndani ya chumba cha ukuta mnene, mbali na jiko.

Kitu kingine cha roketi ya injini nyingi ambacho hakipo kwenye ile ya moja: mirija mitatu ikibanwa pamoja ndani ya mrija mkubwa, zinabaki nafasi kati yake. Nafasi hizo zisipozibwa, ule mlipuko wa kutoa mwavuli unatafuta njia rahisi, unatokea nyuma, na pua inabaki palepale. Mpwa wangu alizijaza kwa karatasi laini iliyolowa gundi, akisukuma kwa njiti, kisha akaweka jicho mwisho mmoja na tochi mwisho wa pili. Kila alipoona nukta ya mwanga, aliongeza. Ilimchukua muda mrefu, na ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote.

Uzito nao. Injini tatu zinakaa nyuma, na roketi iliyo nzito nyuma inageukageuka hewani. Kanuni ni kwamba kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa kwa umbali usiopungua upana wa mrija. Hesabu ya kukipata kitovu hicho cha pili ilitolewa na mhandisi Mmarekani, James Barrowman, mwaka 1966, na Mwalimu aliwapa wanafunzi kama zoezi. Kwa mikono unaijaribu hivi: weka injini ndani, funga kamba pale roketi inapolingana, kisha izungushe kichwani. Ikitangulia pua, ni salama. Yetu ilikwenda kiubavu. Mpwa wangu akakimbia kwa wavuvi akarudi na chubwi ya nyavu, risasi safi, akitaka kuitia puani. Mwalimu akakataa katakata: puani mwa roketi hakikai chuma wala risasi, kwa sababu kitu kinachopanda kitashuka, na siku mwavuli ukigoma kitashukia kichwa cha mtu. Tulitumia udongo wa kuchezea watoto, ukabanwa ndani ya pua mpaka kamba iliposema sawa. Jumla, na injini, ilifika karibu gramu 290.

Sasa umeme, ambao ndio uliniita.

Viwashio vitatu havifungwi kwa kufuatana. Ukivifunga hivyo, cha kwanza kuwaka kinakatika, na kikikatika kimekata njia ya wenzake. Vinafungwa sambamba, kila kimoja na waya wake wawili, ili kimoja kikishaungua vingine viendelee kupata umeme. Hilo fundi yeyote wa taa za gari analijua. Lililo gumu zaidi ni muda. Roketi ile ikishasukumwa na injini mbili inaondoka kwenye fimbo yake ya kuongozea kabla ya nusu sekunde kwisha, na inapoondoka inang'oa klipu zote zinazoviunga viwashio na waya. Kwa hiyo kiwashio kinachochelewa nusu sekunde ni sawa na kiwashio kibovu. Haitoshi umeme ufike, lazima ufike kotekote kwa nguvu moja.

Kwenye pwani adui wa hilo ni chumvi. Nenda kaangalie klipu yoyote iliyokaa Tanga miezi mitatu bila kutumika: meno yake yana unga mweupe au wa kijani. Unga huo ukiongeza omu moja kwenye tawi la kiwashio chenye omu pungufu ya moja, umeshapunguza umeme wa tawi hilo zaidi ya nusu, na mengine mawili yanaona raha. Kila klipu ilisuguliwa kwa msasa asubuhi ile ile ya kurusha, si jana yake.

Betri niliyowapa ni ya gari, volti 12. Niliiweka karibu na kituo cha roketi, na pembeni yake rilei ya taa kubwa, yaani swichi inayofungwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, ile ya ampea 30, na fyuzi. Kutoka kwenye rilei hadi viwashioni nilitumia waya mnene wa milimita mraba 2.5, mfupi iwezekanavyo. Waya mwembamba mrefu ndio ulikwenda kwa mbonyezaji, kwa kuwa unabeba amri tu, mzigo haubebi. Ni mpango ule ule unaotumika kwenye honi na stata: usiuzungushe mkondo mkubwa njia ndefu bure. Katikati ya waya mwembamba nikatia swichi ya ufunguo ya pikipiki. Anayekwenda kufunga klipu anakwenda na ufunguo mfukoni mwake, na hakuna mwingine mwenye ufunguo. Sharti hilo tulilishika hata pale mfungaji alipokuwa Mwalimu mwenyewe.

Kuna zana moja niliyoiacha gereji makusudi: taa ya kupimia, ile balbu yenye ncha na klipu ambayo sisi mafundi tunachomeka kila mahali bila kufikiri. Balbu ya wati 21 inapitisha karibu ampea mbili. Ukiipimia kiwashio, umekiwasha. Kipimo kinachofaa ni mita ya kawaida, au kitaa kidogo cha LED kinachotumia umeme kidogo mno. Na hapo kuna ujanja wa kujua: viwashio vikishaungwa sambamba, taa itawaka hata kama viwili kati ya vitatu vimekatika, kwa sababu kimoja kinatosha kupitisha. Taa inakwambia njia ipo, haikwambii ziko ngapi. Pima kimoja kimoja kabla ya kuunga.

Uwanja tuliupata nje ya mji, njia ya Muheza, kwenye shamba ambalo mkonge wake mzee ulikuwa umeng'olewa, likisubiri kupandwa upya. Kwa jumla ya msukumo wetu inatakiwa nafasi ya wazi ya kama mita 300, na pale ilikuwepo, ukiacha upande mmoja ambako mkonge ulikuwa bado umesimama na miiba yake. Tulifika alfajiri. Wakati wa kaskazi, upepo wa nchi kavu asubuhi huwa mnyonge. Kufika saa tatu upepo wa bahari umeshaamka, na roketi kama hii huelekea pua kule upepo unakotoka.

Mlinzi wa shamba alikuja kuhakikisha jambo moja.

"Hilo likiniangukia je?"

"Shikamoo Babu," alisema mpwa wangu. "Linashuka na mwavuli."

Wakati tunangoja, Mwalimu aliwaonyesha watoto upande wa kaskazini akawaambia kwamba ufuo ule ule, ukiufuata hadi Ngomeni karibu na Malindi, ndiko Waitaliano walikoweka jukwaa baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Wakenya, roketi ya Scout ilipandisha kutoka pale setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kupima miale ya eksirei inayotoka angani. Watoto walimwangalia kama anatania. Wengi walidhani mambo hayo yanaanzia Florida.

Urushaji wa kwanza, injini mbili ziliwaka.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Roketi ilitoka kwenye fimbo, ikainama upande wa injini iliyolala, maana zile mbili zilikuwa zinasukuma ubavu mmoja tu, na ikachora upinde mrefu wa chini moja kwa moja hadi kwenye mkonge. Ilifika ardhini, ndipo tukasikia pua ikifyatuka. Nilichomoa ufunguo, nikatenganisha betri, tukangoja zaidi ya dakika moja kabla ya mtu kusogea. Tuliikuta na pezi moja limevunjika na mwavuli umetobolewa na miiba kama kitambaa cha kuchujia tui. Mlinzi akaunyanyua kwa vidole viwili.

"Mwavuli wenyewe ndiyo huu?"

Sasa, mtu wa umeme akiona injini haikuwaka anakimbilia betri na waya. Lakini ushahidi upo kwenye kiwashio, na ndiyo sababu ya kukitafuta chini hata kama ni kidogo kama sindano. Kikiwa kizima, umeme haukufika. Kikiwa kimeungua na injini haikuwaka, umeme umefika, ila kichwa hakikuwa kinagusa baruti. Mpwa wangu alikipata kwenye mchanga, akakigeuza dhidi ya jua.

"Kimeungua, Mjomba."

Basi waya zangu zilikuwa salama. Kilichobaki ni kuangalia uzito: jozi tatu za waya nene zilikuwa zinaning'inia kutoka kwenye viwashio, na moja ilikuwa ndefu kidogo ikivuta chini. Milimita mbili tatu zinatosha kukitoa kichwa mahali pake, na kizibo cha plastiki kinachokishikilia hakina nguvu ya kushindana na waya wa gari. Tiba yake ilitoka shambani pale pale. Tulikata kipande cha mlingoti wa mkonge, tukakichimbia karibu na fimbo, na waya zote zikafungwa juu yake kwa kamba ili klipu zisibebe chochote zaidi ya meno yake zenyewe. Midomo ya klipu ikazungushiwa utepe zisigusane wala zisiguse bati la kukingia moto.

Njiani kurudi Mwalimu aliwasimulia habari ya N1, roketi ya Wasovieti ya kwenda mwezini. Hatua yake ya kwanza ilikuwa na injini 30, na ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972 bila kufanikiwa hata mara moja. Ilikuwa na mtambo wa kuzizima injini: moja ikiharibika upande huu, mtambo unazima iliyo mkabala nayo, ili roketi isiiname. Sisi hatuna ruhusa hiyo. Injini ya baruti ikishawaka haizimwi, na zikiwa tatu hakuna iliyo mkabala na nyingine.

Pezi lilichongwa upya, mwavuli ukashonwa na dada kutoka kwenye kitambaa chepesi cha mwavuli wa mvua uliokufa, ambao kwa maoni yangu ni bora kuliko wa kiwandani. Tuliporudi shambani na ule mlingoti, injini zote tatu ziliwaka. Sauti yake si kubwa kama watu wanavyodhani, ni mchano mmoja mfupi. Lakini safari hii ulikuwa mmoja kweli, na moshi ulisimama wima. Mwanafunzi aliyekuwa mita 100 kutoka kituoni na kipima pembe chake cha mbao alisoma nyuzi 55, akazidisha zile mita 100 kwa 1.43, tanjenti ya pembe hiyo, kabla roketi haijatua.

Mpwa wangu sasa anataka ya injini tano: nne kwa mzunguko na moja katikati. Nimempa ile hesabu aifanye mwenyewe. Mara tisa katika kumi, kwa viwashio vitano, ni 0.59. Ameitazama karatasi muda, akaniambia hesabu hiyo ni ya kiwashio kibaya, tukiweka viwili kwenye kila injini haitakuwa 0.9 tena. Nikamwambia tundu la injini ni jembamba, vichwa viwili vitasukumana humo ndani. Ameondoka na kiwashio kimoja kilichoungua na kipimo cha milimita, na amechukua pia rilei yangu ya akiba.